Jua la Asubuhi Lilikuwa la Mama Mkwe

Nimewahi kuwaonea watu wivu kwa sababu za kawaida: nyumba, nywele, mume anayeosha vyombo. Lakini wivu ulionishika mwaka ule nilipojifungua msichana wangu hapa Giakanja haukuwa na adabu hata kidogo. Nilimwonea mama mkwe wangu, bibi aliyevuka sabini, wivu wa magoti.

Alikuwa anachuchumaa, anamlaza mtoto mgongoni, anafunga leso kifuani, kisha anasimama bila kushika kitu. Mimi niliyemzaa nilishindwa kuinua mikono hata kuchana nywele. Kitini nilivutwa na mume wangu ndipo nisimame. Daktari wa mjini Nyeri alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupigana na magonjwa, ilikuwa imeigeukia misuli yangu mwenyewe. Ngozi nayo ilikuwa imeguswa, kope na vidole vimeiva wekundu, kwa hiyo akanikataza jua. Kofia pana, mikono mirefu, kivuli.

Nikatii, mpaka kipimo cha damu kilipoonyesha vitamini D imeshuka mno. Nilimkasirikia daktari waziwazi. Yeye ndiye aliyenifungia ndani, na sasa ananiambia nimepungukiwa na kitu ambacho mwili hujitengenezea ukipigwa na jua. Hakubishana nami. Alisema wagonjwa wengi wa misuli kama mimi huwa nayo kidogo, na kwamba dawa ninazomeza kutuliza ile kinga hudhoofisha mifupa pia, kwa hiyo nisilichukulie jambo hilo kwa mzaha. Akaniandikia tembe, na matone ya mtoto, kwa kuwa maziwa yangu peke yake yasingempa ya kutosha.

Mama mkwe aliitikisa ile chupa ya tembe karibu na sikio.

"Ati hii ndio jua?"

"Si jua, Mami. Ni ile kitu jua inaletea mwili."

"Mungu anatupatia ya bure hapo nje, na wewe unameza yako na maji."

Nikameza tembe yangu. Huku kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa, yeye na bibi yake ni mtu mmoja. Mume wangu alimwita mtoto "Mami", kama anavyomwita mama yake. Naye mama mkwe akimpangusa mtoto mdomo, maziwa yangu mwenyewe yakimtiririka kidevuni, alikuwa akisema, "Sasa nimeshiba. Wacha nijipeleke jua." Kisha anatoka naye, anatandika gunia karibu na miti ya kahawa, anampaka mafuta mapajani na kumgeuza huku na huku. Mimi nasimama mlangoni, ndani ya kivuli, nikiwaangalia hao wawili wenye jina moja. Kicheko cha mtoto kilinichoma. Nilitamani mvua inyeshe.

Mwezi wa saba ukungu ulikaa majuma mengi bila kuondoka. Asubuhi moja jua likachomoza, na mama mkwe alikuwa ameenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Mume wangu alikuwa kazini. Kumbeba mtoto mikononi hatua chache sasa niliweza. Kuinuka naye ndiko kulikonishinda. Nikamchukua kitandani, nikatoka naye, nikajiachilia juu ya kigoda cha mama mkwe, kile kifupi cha jikoni kilichokuwa nje. Mtoto akaitazama kofia yangu pana, akapiga mayowe kama aliyeona mgeni. Nikaivua, nikaitupa kando.

Akanyamaza. Akanishika pua. Jua lilitupata sote wawili, na sijui kama nimewahi kujisikia mama kuliko wakati ule.

Shida ilianza nilipotaka kusimama. Mapaja yalikataa. Nilijaribu tena, nikayumba, nikaogopa kumwangusha. Chini palikuwa na matope, sikuwa na mahali pa kumlaza. Jua likazidi kupanda. Mtoto alipoanza kuwa mwekundu nilivua sweta nikamfunika, nikabaki mikono wazi. Niliita majirani, hakuna aliyesikia.

Mama mkwe alitukuta hapo akiwa bado na kitambaa cha kanisa kichwani. Mtoto alimwona tu, akamnyooshea mikono. Alimchukua kwanza, akamfunga mgongoni, ndipo akaja nyuma yangu, akanishika kwapani na kuniinua.

"Ulikuwa unatafuta nini huku nje?"

"Mtoto wangu."

"Uso yako imefura," akasema. "Mtoto ni yako, hakuna mtu amekataa. Lakini mgongo yenye iko ni hii yangu."

Nilimchukia kwa kusema kweli. Kope zilinifunga macho siku kadhaa, na nguvu kidogo zilizokuwa zimerudi mikononi zikaniponyoka. Daktari akaongeza dawa, na mama mkwe akaendelea kwenda kuota jua na mwanangu.

Nilipata nafuu polepole mno. Nilimeza zile tembe bila kuruka hata moja, nikafanya mazoezi ya kusimama kitini mpaka kiti kikalegea miguu. Msichana wangu alikuwa anakaribia miaka miwili siku nilipochuchumaa uani, asubuhi ya mawingu, nikasimama bila kushika kitu. Nikarudia, nikasimama tena. Nikaenda kuchukua leso, nikaipitisha begani na kuifunga kifuani, nikainama.

"Njoo mgongoni kwa mama."

Alinitazama, akaitazama leso.

"Apana," akasema. "Natembea."

Akaenda zake kuelekea langoni, akisukuma tumbo mbele.

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jikoni akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Hata mimi alinikataa jana," akasema.

Mungu anisamehe, nilifurahi kwanza. Nilisimama pale nikifurahi hivyo kwa kitambo, leso imenikaza kifuani na mgongoni hamna mtu, kabla sijaanza kulia.