Shangazi anafukuzwa kwa uchawi, lakini kosa liko kwenye daftari langu

Admin, habari za kazi. Nifichie sura na namba ya simu. Jina halina shida, niiteni Kyungu. Kwetu kila pacha wa kwanza ni Kyungu na wa pili ni Kabange, kwa hiyo hapa Lubumbashi mnitafute mpaka mchoke. Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, nilisomea takwimu chuo kikuu na sasa nafundisha hesabu shule moja ya Kipushi. Kabange wangu ana miezi mitatu kaburini. Nadhani nilimuua mimi, kwa hesabu.

Kabange alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu, ule tunaouita SS. Mimi niliukwepa. Watu walikuwa wakisema amebeba mzigo wa wote wawili, nami niliamini hivyo mpaka chuoni, nikajifunza kwamba kila mtoto ana bahati yake tumboni na haitegemei ya mwenzake. Nilipata alama nzuri sana kwenye somo hilo, na halikunisaidia kitu.

Mama alitulea kama desturi inavyotaka: anachopewa mmoja, apewe na mwingine. Viatu jozi mbili, samaki vipande viwili, makofi pia mara mbili hata kama mkosaji ni mmoja. Sikuwahi kumhesabu Kabange peke yake.

Siku za maumivu alikuwa analala nyumbani Kasungami akicheza mchezo fulani wa simu. Mchezo una makasha. Unalipa, unafungua, mara nyingi unapata takataka. Alikuwa anatafuta chui wa dhahabu. Nami nikaanza kucheza kwenye simu yangu ili tucheke pamoja, na kwa kuwa mwalimu haachi ualimu, nikafungua daftari. Kila kasha tulilofungua niliandika limetoa nini. Nikapiga hesabu za nafasi, nikachora na michoro, nikajiona mjanja kuliko walioutengeneza. Sheria yao ilisema ukifungua makasha sabini na tisa bila chui, la themanini lazima likupe. Yeye alikuwa amefungua thelathini na moja, mimi arobaini na sita. Niliandika yote katika safu moja. Sabini na saba.

Wanafunzi wangu nawafundisha kila mwaka: usichanganye maharage ya magunia mawili ukahesabu kama gunia moja. Lakini kwangu sisi tulikuwa gunia moja.

Jumatano moja asubuhi alinipigia. Macho yalikuwa yamegeuka manjano na mifupa inauma. Mama, ambaye hufanya biashara Kasumbalesa, alikuwa amemtumia pesa kwenye simu aende hospitali.

"Kyungu, kaye inasema nini?" aliniuliza.

Nikaangalia daftari, hiyo kaye yetu. "Imebakia tatu tu. Fungula, kisha uende ku lopitalo."

"Tatu kweli?"

"Miye njo nasomaka mambo ya hesabu, ao ni weye?"

Alicheka. Kicheko chake hicho hakiishi masikioni mwangu.

Kasha la tatu halikutoa chui. Akafungua la nne, la tano, akiamini kwamba labda niliruka moja. Alifungua kumi na mawili, pesa yote ya hospitali ikaisha. Akaona haya, akamwambia mama kwamba daktari amemwona na kumpa dawa. Mimi alinitumia ujumbe mmoja tu: "Kaye yako inadanganya, ndugu yangu," na vikatuni vya kucheka. Nikamjibu kwa kucheka. Sikumuuliza kama amefika hospitali. Ijumaa walimbeba, na Jumamosi alikuwa hayupo tena.

Baada ya mazishi nilifungua simu yake. Mchezo wenyewe, uliomhesabu yeye peke yake, ulikuwa umeandika pale juu, kwa herufi ndogo: bado makasha thelathini na saba.

Sasa sikieni kinachonitesa. Jumatano hiyo hiyo shangazi yetu, dada ya marehemu baba, alimletea Kabange bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, maana mama hakuwepo. Alimlisha kwa mkono wake. Pale matangani maneno ya uchawi yakaanza, na mama akayashika.

"Ni ile sombe njo ilimumaliza mutoto wangu. Daktari alikuwa amesha kumupa dawa!"

Simu ya Kabange mama ameiweka chini ya picha yake, na kila siku anaichaji. Kila saa sita mchana inalia, kingoma kidogo. Mama anafanya ishara ya msalaba na kusema, "Anaita mwenye alimukula." Mimi najua ni mchezo unaomwambia Kabange kwamba kasha lake la bure liko tayari. Ikifika saa hiyo naacha kuandika ubaoni, hata nikiwa darasani Kipushi ambako siwezi kuisikia.

Wiki iliyopita shangazi alinikuta kisimani. Amekonda.

"Kyungu, weye njo ulikuwa unasema naye kila siku. Alikuambia nilimukosea nini?"

Nikainama, nikajifanya nafunga ndoo.

Jumapili hii baada ya misa familia inakutana kumtoa shangazi kwenye kiwanja alichoachiwa na babu. Ana miaka zaidi ya sitini na hana mtoto. Nikisema, mama atajua kwamba Kabange alimdanganya, na kwamba aliyemponza ni mtoto pekee aliyebaki naye. Mpaka leo ananipakulia samaki vipande viwili, changu na cha Kabange, na anakaa kunitazama mpaka nimalize vyote. Kila ninapokula kile cha Kabange namwona shangazi, anayeitwa mla mtu.

Daftari ninalo hapa, na ile safu bado ni moja. Ninyi mnaosoma, nielekezeni: nimfungulie mama daftari hili kabla ya Jumapili, au nikae kimya? Msichelewe kunijibu, maana leo nimepita kwa shangazi nikamkuta anafunga vyombo vyake, na aliponiona amenipa sufuria moja. Halafu akaniongezea ya pili, ya Kabange.