Majiko Mawili Uani kwa Babu

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa kibichi ndiyo iliyoniamsha karibu kila asubuhi ya utoto wangu. Babu yangu, Mzee Mbaraka, alikuwa fundi wa kanzu mtaa wa Gongoni, mjini Tabora, na chumba chake cha mbele kilikuwa duka, karakana na baraza la siasa kwa pamoja. Alizaliwa Ngazija. Bibi yangu, tuliyemwita Koko kama watu wa visiwani wamwitavyo bibi, alizaliwa Maore, kisiwa kingine cha Komoro hiyohiyo. Walikutana Unguja wangali vijana, wakaoana, wakapanda garimoshi kufuata njia ileile ya misafara ya zamani, na huku bara wakazaa, wakazeeka, wakasahau karibu kila kitu cha baharini isipokuwa wali wa nazi na ubishi. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Babu aliniita mchumba wake, na Koko alijifanya ananionea wivu, na mimi nilifurahi mno kuwa katikati ya wazee wawili wanaogombaniana kwa mapenzi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza, sokoni uyoga umejaa, redio iliposema kwamba watu wa Komoro wataulizwa kwa kura kama wanataka kujitawala au kubaki chini ya Wafaransa. Babu alichangamka kama kijana aliyekubaliwa posa. Nchi yetu ilikuwa ya Ujamaa, inawapa hifadhi wapigania uhuru wa kila upande wa Afrika, na sasa zamu ilikuwa ya kwao. Matokeo yalipotoka, visiwa vitatu vilikuwa vimesema ndiyo. Cha nne, Maore ya Koko, wengi walikuwa wamesema hapana. Babu alisema hesabu ni ya nchi nzima, wengi wape, kidole kimoja hakivunji chawa. Koko aliyekuwa akichambua mchele hakuinua hata macho. Alisema kwao walikuwa wachache siku zote, wakubwa wa Ngazija waligawana kila kizuri, na kwa hiyo kila kisiwa kihesabiwe peke yake. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. Babu akamwita kibaraka. Kumtetea mkoloni katika Tabora ya miaka ile kulikuwa sawa na kula sokoni mchana wa Ramadhani, na Babu alisema neno hilo kwa sauti, mlango wa duka ukiwa wazi, wateja wakisikia.

Kesho yake Koko aliamka, akachukua mafiga matatu, akayapanga upande wa pili wa ua, akawasha moto wake. Godoro lake alikwishalihamishia chumbani kwangu. Tangu siku hiyo nyumba ikawa na majiko mawili: la mama, alilopikia Babu, baba yangu na kaka zangu, na la Koko, alilojipikia mwenyewe. Sisi watoto tulikula kote kuwili na tukanenepa, kwa hiyo mwanzoni tuliiona siasa ya visiwani kuwa kitu kizuri sana. Baba, aliyekuwa akifanya kazi reli, alijaribu kuwapatanisha akafukuzwa na pande zote mbili. Kisha jioni moja Koko akamwambia baba amkatie tiketi ya Kigoma, kwa shangazi. Alisema kama nyumba yenyewe inampigia hesabu ya wengi, yeye atakwenda anakohesabiwa. Hapo utamu ulinitoka mdomoni. Niliyajua magarimoshi ya Kigoma. Majirani wengi walipanda humo wakisema wanakwenda wiki mbili, wakatuma salamu miaka kumi. Nilianza kulala nimeshika ncha ya kanga ya Koko.

Aliyetuokoa alikuwa Nyamizi, Mnyamwezi wa upande wa Kwihara, aliyetuletea asali na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nyamizi alikuwa mtani wetu. Kwake, kila mtu ambaye wazee wake walikuja na msafara kutoka pwani alikuwa mtani, na mtani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa kuzaa hana: anaingia bila hodi, anatukana, anaamua, na ukikasirika aibu ni yako. Asubuhi ile aliingia uani, akayaona majiko mawili, akatua kapu lake.

"Enyi wala pweza! Moshi huu wa pili ni wa msiba wa nani?"

Alipoelezwa, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Mwaka uleule yeye na jirani zake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, akaacha nyumba aliyozalia watoto wake wote. "Mimi niliambiwa hama, nikahama. Hakuna aliyeniuliza," alisema. "Ninyi mmeulizwa, halafu mnaliliana? Haya, leo mtapiga kura hapahapa. Tena mtu asiniletee zile alama za kura za serikali, jembe na nyumba."

Akatoa mahindi na karanga kapuni. Punje ya hindi, jiko moja. Karanga, majiko mawili. Kila aliyelala nyumba ile apige, watoto pia. Babu akasema vizuri, kura zote ziingie kibuyu kimoja. Koko akasema hapana, chumba kwa chumba, ama sivyo hapigi. Babu akafungua kinywa, Nyamizi akamnyooshea kidole, "Kaa kimya, mtumwa wangu," na vikombe vya kahawa vikapangwa juu ya mkeka, kila chumba na chake. Tuliingia mmojammoja nyuma ya pazia. Mimi nilipenda jiko moja, lakini niliiona tiketi ya Kigoma mbele ya macho yangu, nikatia karanga ili Koko asiwe peke yake.

Nyamizi alimimina kikombe cha baba na mama: mahindi matupu. Cha kaka zangu: mahindi. Chetu, mimi na Koko: karanga mbili, na Koko akanibana begani kwa nguvu. Kilibaki kikombe cha chumba cha Babu, ambamo tangu ule ugomvi alilala mtu mmoja tu. Nyamizi alikipindua kiganjani, akatazama, akamwonyesha kila mtu. Ilikuwa karanga.

Babu aliona haya kama mwari. Alikohoa, akavua kofia, akaivaa tena. "Akitaka jiko lake awe nalo," alisema, akitazama ukuta. "Mradi liwe uani kwangu." Kama kura zingechanganywa, hakuna ambaye angejua. Koko alifunika uso kwa kanga na mabega yakatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa akicheka. Tiketi haikukatwa. Majiko mawili yalibaki, maana kila chumba kilihesabiwa peke yake; wengi wa nyumba walishindwa na hakuna aliyelalamika, ila Babu alikula kwa Koko hadi kufa kwake, na juu ya Maore hawakukubaliana hata siku moja.

Visiwa vyenyewe havikupata mtani. Maore ilibaki na Wafaransa, na leo watu wa visiwa vingine wakitaka kuvuka kwenda huko bila kibali hupanda vimashua vya wizi, na wengi huzama. Na hapa Tabora sasa tuna vyama vingi, bendera kwenye bodaboda, vipaza sauti mchana kutwa. Hilo silichukii, Nyamizi angefurahi kuulizwa. Lakini wanangu wawili waligombana uchaguzi uliopita, kila mmoja na chama chake, wakaitana majina ambayo Babu asingeyasema hata dukani kwake. Mkubwa alihamia Isevya, na hafuturu kwangu kama mdogo wake yupo. Mwezi uliopita niliwaendea, mmoja baada ya mwingine, nikawasimulia kisa hiki chote. Walicheka sana. Kisha kila mmoja akaniambia ni kizuri, nisikose kumsimulia mwenzake.