Gazeti Nililolisoma Mara Tatu

Wakati wa vita, huku kwetu Likoni upande wa Shika Adabu, waliojua kusoma gazeti walihesabika kwa vidole. Mimi nilikuwa mmoja wao, na kiburi changu hakikuwa na mfano. Baada ya sala ya alasiri wanaume walikusanyika barazani kwa baba, nami nikapewa kigoda cha katikati na kikombe cha kwanza cha kahawa. Wanawake walisikiliza kutoka ndani, nyuma ya pazia la mlango. Dadangu mdogo, mjane aliyekwisha kutoka eda, hakukosa hata siku moja.

Kahawa ilitujia na Mshihiri, kijana wa Kiarabu aliyetoka Hadhramaut, akiichuuza kwa dele, lile birika la shaba, mlango hadi mlango. Alikuwa mtu wa sala na mpole. Marehemu shemeji yangu alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akija kumkanda miguu. Sasa alikuwa ametuma wazee kumposa dadangu, na baba amewajibu, "Tutatazama." Dadangu akaanza tena kujipaka wanja.

Gazeti alilileta mjomba kutoka kazini kwake kisiwani. Siku moja lilikuwa na habari kwamba Mshihiri mmoja amekamatwa kwa kuvunja duka Magongo. Mwizi akiwa wa kwetu, gazeti liliandika "mtu mmoja", basi. Akiwa mgeni, kwao ndiko kulikotangulia. Wakati ule sikuliona hilo hata kidogo. Niliona tu jinsi watu walivyoacha vikombe vyao wakanitazama mdomoni.

Kisha karatasi zikaadimika, mjomba akawa anarudi mikono mitupu. Nami sikutaka kuinuka pale kigodani. Nikatoa lile gazeti la zamani, la mwizi wa Magongo, nikalikunja upya, nikasoma. Juma lililofuata nikalisoma tena, na jina la Magongo nikaliruka. Nani angejua? Wasikilizaji wangu wakahesabu Washihiri watatu na maduka matatu, mwezi mmoja. Mzee aliyezoea kumwita yule kijana "mwanangu" akawa anafunika kikombe kwa kiganja akimwona anakuja. Jirani yetu naye, akisikia tu vikombe vya kijana yule vikilia njiani, aliwaita watoto ndani na kukomea mlango.

Baba akarudisha posa. "Simjui kwao," aliwaambia wale wazee. "Na lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Nilikuwa nimeketi ubavuni pake. Ningesema nini? Kwamba msomaji wao amewadanganya kwa ajili ya kigoda? Nilinyamaza. Wallahi, nilinyamaza, na hadi leo sijui nilimwonea haya nani.

Kijana yule akachuuza siku chache tu, kisha akahama. Wengine walisema kaenda Lamu. Mwaka uliofuata dadangu akaozwa mtu wa kwetu hasa, wa ukoo unaojulikana, na mtu huyo akampiga mpaka akamtia kilema cha mkono. Hilo halikuandikwa na gazeti lolote.

Aliporudishwa nyumbani, nilimfuata uani kumwomba radhi. Nilimkuta na ungo mapajani, akichagua mchele kwa mkono mmoja. Nikamweleza yote, tangu gazeti la kwanza, na machozi yakanitoka mimi, si yeye.

"Najua," alisema. "Tangu uliposoma mara ya pili nilijua. Ulikwama pale pale ulipokwama mara ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba.

"Mimi, mjane, nitoke nimtetee mwanamume aliyeniposa? Wangesemaje?" Alitupa kijiwe kando. "Nilikungoja wewe, kaka. Hata siku ile posa inarudishwa, nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikijiambia, sasa atasema."