Nyumba Iliyofungwa kwa Waya

Watoto wa avenyu yetu waliiita nyumba yetu mbuzi, kwa sababu ilikuwa imefungwa. Waya nne nene zilishuka kutoka pembe za malata, yaani mabati yetu ya paa, mpaka ardhini, na nikitoka kwenda shule waliniuliza kama mbuzi wetu ameshakula. Nilizichukia zile waya. Nilipoposwa nilimwomba mama azikate, angalau kwa siku moja, wageni wasijikwae. Yeye akafunga kitambaa chekundu kwenye kila waya ili wageni wazione vizuri.

Marehemu baba ndiye aliyezifunga. Alifanya kazi ya reli, kufunga mizigo kwenye mabehewa ya kwenda Sakania, mpakani, na kwake dunia nzima ilikuwa behewa: kisichofungwa ni cha upepo. Tulikaa pale mji unapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza, hakuna mti wala ghorofa ya kuvunja nguvu ya dhoruba. Majirani zetu wote huweka mawe na mifuko ya mchanga juu ya malata. Hawapigi misumari, maana malata yenye matundu hayafai tena siku ya kuhama, na sisi watu wa huku tunajenga tukiwaza kuhama. Baba alisema yeye haendi popote. Akazika kipande cha reli kila pembe, akafunga.

Alipokufa, mama aliendelea. Kila mwisho wa kipwa, kiangazi chetu, kabla ya mvua ya kwanza, Jumapili baada ya misa, lazima nifike. Niwe nimeolewa Kamalondo, mtaa wa mjini, niwe na cherehani na wateja wanaonisubiri, hayo yalikuwa yangu. Tulizibua mtaro. Karatasi za kiwanja na vyeti vya ubatizo viliingia kwenye bidoni ya plastiki yenye kifuniko, unga ukapandishwa juu ya matofali. Halafu mama alipitisha nondo kwenye waya na kuizungusha mpaka waya iimbe.

"Waya ya kunyamaza, ile iko nalala," alikuwa akisema.

Mwaka huu mvua ilitanguliwa na upepo. Alasiri moja uling'oa malata ya nyumba nne mfululizo, ukayatupa shambani, na yale mawe ya juu yakaangukia vitandani. Bahati watu walikuwa nje. Yetu ilibaki. Mama hakungoja kuombwa. Jirani wa kushoto, mwanamume mzito anayeongoza maombi ya kila Jumatano, alihamia kwa mama na mkewe na watoto watano, magodoro yakajaa saloni, sebule yetu. Wakala bukari, ugali wa mama, wiki nzima.

Siku ya nane, nami nimekuja kumsaidia mama, jirani huyo huyo alisimama uani pamoja na shefu wa mtaa na kundi la watu. Mama ni mjane, ni mzee, na upepo ulimruka. Huku kwetu hesabu hiyo hujumlishwa haraka.

"Mama," alisema jirani, macho chini, "upepo ilibeba malata ya bantu bote. Ya kwako tu njo ilibakia. Juu ya sababu gani?"

"Sababu nilifunga."

"Bantu banasema chini ya zile waya kuko kintu ulizika."

Shati alilovaa lilikuwa limeanikwa asubuhi ile kwenye waya ya mama. Nililiona, hasira ikanipanda. Shefu akaongea kwa upole, upole ule wa mtu aliyekwisha amua. Alisema ingefaa mama ahamie kwangu Kamalondo, kwa usalama wake. Usalama gani? Mjane anayehama na jina la mulozi, yaani mchawi, harudi tena, na kiwanja chake huwa cha atakayewahi kuingia. Lakini nisijifanye shujaa. Niliogopa. Watu wamepigwa mawe kwa jambo dogo kuliko hili. Nilimvuta mama kando nikamwambia twende.

"Weye enda," alinijibu. "Cherehani inakungojea." Kisha akawageukia wale watu. "Muchimbe. Lakini mwenye atachimba, njo mwenye atafukia."

Jirani mwenyewe alishika jembe. Pembe ya kwanza, kipande cha reli. Ya pili, kipande cha reli. Ya tatu vilevile. Kila kimoja alikipindua, akakinusa, akakiweka pembeni. Pembe ya nne, waya ilikatika mkononi mwake. Kutu ilikuwa imeila chini ya udongo mpaka ikabaki uzi. Mtu mmoja akanong'ona kwamba dawa imetoroka.

Mama alipiga magoti, akaishika ile ncha. Hapo ndipo nilipomwona akiumia kwa mara ya kwanza siku ile.

"Angalia," aliniambia. "Kila mwaka niko nakaza ya juu, sikuangalia ya chini. Upepo moja tena, tungekwisha. Lete waya mupya, iko chini ya kitanda."

Sikuwahi kuileta. Tulikuwa tumekodolea mashimo macho, hakuna aliyetazama juu, na wingu lilikuwa limekwisha kufika. Upepo ulipoingia uani watu walitawanyika, shefu mbele yao. Vyuma vyote vinne vilikuwa juu ya ardhi. Malata yakainuka upande mmoja, yakaanguka kwa kishindo, na watoto wa jirani wakaanza kulia ndani. Mama alidaka waya ya kwanza, akaingia shimoni nayo. Mimi nikadaka ya pili. Mke wa jirani alitoka mbio na kanga kiunoni, akashika ya tatu bila kumwuliza mumewe. Ile iliyokatika ikabaki ikichapa ukuta.

Jirani alikuwa bado ameshika jembe. Alitazama lango ambalo wenzake walikuwa wamepitia, akatazama mlango ambao wanawe walikuwa nyuma yake. Kisha akatupa jembe, akajizungushia ile waya mkononi, akakaa kwenye udongo kwa uzito wake wote.

Mama, kitambaa cha kichwa kimekwenda na upepo, miguu ameikaza kwenye ukingo wa shimo, alimwangalia kutoka ng'ambo ya uani. Alikuwa anacheka.

"Vuta, mulozi mwenzangu."

Akavuta. Na upepo ulipopita alichukua jembe bila kuambiwa, akafukia mashimo yote manne.