Nyumba ya Bangwe Inayolitazama Ziwa kwa Pembeni

Saa tisa alasiri. Jua limeshavuka utosi na sasa linateremkia milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na hapa kwenye mteremko wa Bangwe kila mwenye akili yake ametafuta kivuli. Mafundi wawili wameketi juu ya rundo la kokoto, nyundo kubwa ziko miguuni mwao. Wameitwa kuvunja ukuta. Wanachosubiri ni neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba anakula.

Mwenye nyumba ni Mzee Gervasi Ntibona, mfanyabiashara wa dagaa anayejulikana Ujiji nzima kwa sauti yake kubwa na uamuzi wake wa haraka. Mbele yake kuna ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwa hili, iliyoungwa kwa mawese. Mkewe, ambaye mtaani wanamwita Mama Martini, anakula akitazama dari, milango na sakafu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akapasahau.

Mlangoni amesimama Elinipa Mshana, mchoraji wa ramani za nyumba. Ukuta unaotakiwa kuvunjwa aliuchora yeye.

"Nimemwomba Mzee jambo moja tu," anasema kwa sauti ya chini. "Ale chakula cha mchana humu ndani, akae mpaka jua lizame. Akishakaa, kama bado anataka kuuvunja, nitaushika mtaimbo mimi mwenyewe."

Na baada ya hapo atapanda treni. Hilo ameshawaambia ndugu zake kule Same, Upareni. Kaka yake amemtafutia kazi Moshi, mama yake anamtumia salamu kwa kila msafiri kwamba arudi nyumbani, umri unakwenda. Elinipa amewajibu kwamba nyumba hii ya Bangwe ndiyo itakayoamua. Ikisimama kama alivyoichora, anabaki Kigoma. Ikiharibiwa, atakuwa hana tena cha kumwonyesha mtu, na katika mji huu mchoraji asiye na nyumba ya kuonyesha ni sawa na mvuvi asiye na wavu.

Alikuja Kigoma kama wanavyokuja watumishi wengi, kwa barua ya uhamisho na moyo mzito. Wenzake walimcheka. Mwisho wa reli huko, walimwambia, ukifika hakuna pa kuendelea ila majini. Alipewa meza katika ofisi ya ujenzi ya serikali, akawa anachora madarasa na vyoo vya shule, akihesabu miezi ya kuomba uhamisho mwingine.

Kisha mji ukabadilika. Vita vya Burundi vilipowaka, na baadaye vya Kongo, watu wakaanza kuvuka. Waliokuja kwa maji walishukia Kibirizi na vijiji vya ufukweni, waliokuja kwa miguu waliingilia Kasulu na Kibondo. Nyuma yao yakaja mashirika, na magari meupe yenye antena ndefu, na wafanyakazi waliohitaji pa kulala. Tangu hapo mji huu haujapoa. Mwenye kiwanja alijenga, asiye na kiwanja aliuza ng'ombe akanunua. Elinipa aliona nafasi yake, akaacha kazi ya serikali na kutundika kibao chake Mwanga, mtaa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, maana Kigoma yote ilijenga kwa haraka, na ilijenga kwa ramani moja. Ramani hiyo ilitoka Dar es Salaam. Sebule kubwa mbele, baraza mbele ya sebule, dirisha la kioo linalotazama maji. Nyumba nzuri, hakuna anayebisha, ila ilichorwa kwa ajili ya Bahari ya Hindi. Kule bahari iko mashariki. Asubuhi jua linachomoza majini likiwa bado na adabu, na kufika alasiri baraza yote imo kivulini. Watu wa Kigoma wakairudufu ile karatasi mpaka mistari ikafifia, wakaielekeza kwenye maji kama ilivyoelekezwa Dar. Hakuna aliyekumbuka kwamba maji ya huku yako magharibi.

Elinipa naye alikuwa mmoja wao. Nyumba ya kwanza aliyomchorea mteja binafsi, muuguzi anayeitwa Honorata, ilikuwa na dirisha la kioo pana kuliko yote mtaani. Siku ya kukabidhi funguo alipigwa picha mbele ya dirisha hilo.

Mwaka wa tisini na sita mitumbwi ilipofuatana usiku na mchana, Honorata aliipokea nyumbani kwake familia moja kutoka upande wa Uvira, Kongo, mama na wanawe na bibi yao. Akawapa sebule, mahali pa heshima. Elinipa alipokwenda kuwajulia hali mchana wa jua, alikuta sebule tupu na kile kioo chake kimefunikwa kwa turubai la msaada, limepigiliwa misumari kwenye fremu. Wageni walikuwa nyuma, uani, wamejibana kwenye kivuli cha jiko. Walikuwa wameomba kwa unyenyekevu mkubwa wahamishiwe huko.

"Watu wametoka vitani, wamevuka ziwa, hawana hata sufuria," anasema Elinipa. "Wakapewa chumba nilichokichora mimi, wakakikimbia. Niliona aibu, nakwambia kweli. Nikakaa nao pale uani, na pale uani palikuwa na upepo mzuri ajabu."

Tangu siku hiyo aliitupa ile ramani. Akaanza kutembea Ujiji, akipita nyumba kongwe zenye ua katikati na kuta nene, akiomba maji ya kunywa ili tu aketi kidogo aone hewa inaingilia wapi. Wenyeji walimzoea. Mwidiwe, aliwasalimu kwa Kiha chake cha Kipare, nao walicheka na kumvutia kigoda.

Siku hizi hachori mstari kabla hajashinda kwenye kiwanja. Anakwenda na kigoda chake na chupa ya chai, anakaa kuanzia asubuhi, anahama kila kivuli kinapohama, na kila anapohamia anapigilia kigingi. Jirani wa kiwanja kimoja kule Gungu aliwahi kumpelekea uji akidhani ni mtu aliyepatwa na matatizo. Na swali lake la kwanza kwa mteja halihusu idadi ya vyumba. Anauliza: saa tisa alasiri, hapo mnapoishi sasa, mnakaa wapi?

Watu wanashangaa, kisha wanajibu. Uani. Nyuma ya jiko. Chini ya ukuta wa jirani. Basi, anawaambia, huko ndiko sebule yenu iliko, mimi kazi yangu ni kuijengea kuta tu.

Nyumba ya Mzee Gervasi ndiyo ya kwanza aliyoachiwa kuichora yote kwa mtindo huo, kuanzia msingi hadi bati. Haikuchimba kilima ili kupata uwanja. Msingi wake wa mawe unapanda kwa ngazi, kama mteremko wenyewe unavyotaka, na maji ya mvua yana njia yake pembeni. Urefu wa nyumba umelala kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa hiyo upande unaopigwa na jua la jioni ni ule mfupi, na huko amepanga stoo na bafu, vyumba visivyokaliwa mchana. Ukuta huo wa magharibi hauna dirisha hata moja. Una mistari miwili ya matofali ya matundu, mmoja chini na mmoja juu karibu na lenta, ule mkanda wa zege, upepo wa ziwa upite na jua libaki nje. Baraza iko kusini, pana, bati lake limeshuka chini kama kofia iliyovutwa usoni. Ukiketi hapo ziwa unaliona, ila unaliona kwa pembeni.

Na hicho ndicho kilicholeta ugomvi.

Mzee Gervasi aliijenga nyumba hii aipangishe. Wiki iliyopita alikuja kuikagua Noel, kijana mstaarabu wa Dar anayetafutia shirika moja nyumba za wafanyakazi. Alikuja asubuhi, kukiwa na baridi, akakaa dakika chache. Alisifu milango. Kisha akasema wakubwa zake wanataka kuliona ziwa wakiwa wamekaa sebuleni, na kwamba stoo ivunjwe, ukuta wa magharibi ufunguliwe, kiwekwe kioo kizima na kiyoyozi. Bila hivyo, nyumba hawaichukui.

Habari ikafika sokoni Ujiji kabla ya Mzee mwenyewe. Wenzake wakamtania kwamba kajenga nyumba yenye haya, inaogopa kulitazama ziwa machoni. Gervasi si mtu wa kutaniwa. Kesho yake akaagiza mafundi waje na nyundo, na hapo ndipo Elinipa alipokwenda kwake, akapiga shikamoo, akaomba ule mlo mmoja.

Sasa mlo umekwisha. Umeme umekatika tangu asubuhi, na hakuna aliyeshangaa. Kwenye nyumba ya jirani, iliyojengwa kwa ile ramani ya Dar, mapazia yamefungwa kote na wakazi wake wamehamia nje, wameegemea ubavu wa gari lao upande wenye kivuli.

Mzee Gervasi ananawa, anatoka barazani, anaketi kwenye kiti cha uvivu. Anasema bado haoni sababu. Anasema mpangaji ni mfalme. Anasema ukuta ni matofali tu, na matofali yanavunjwa na kujengwa tena, na kwamba yeye katika maisha yake hajawahi kushindwa na—

Mkewe anageuka kumtazama. Mzee amelala, mdomo wazi, mikono juu ya tumbo.

"Huyu mtu hajawahi kulala mchana," Mama Martini anamwambia Elinipa kwa mnong'ono. "Kule nyumbani jua hilihili analitukana mpaka magharibi."

Fundi mmoja, Jeremia wa Simbo, anasogea kuuliza kama waanze. Mama Martini anamtupia jicho, naye Jeremia anaingia ndani akinyata, akisema anakwenda kuangalia pa kupigia nyundo. Anakawia. Mwenzake anamfuata, naye anakawia. Wanakutwa baadaye wamekaa kwenye sakafu ya sebule, wameegemea ukuta, wamevua kofia, wakizungumza habari za mpira kama watu walio likizo.

Elinipa haendi popote. Anasimama kwenye kona ya baraza akikitazama kivuli cha bati kinavyosogea juu ya saruji. Ameshikilia nguzo kwa nguvu. Anaogopa, na hafichi.

Saa kumi inapita ndipo gari jeupe linapopanda mteremko. Ni Noel, amekuja kuona kama kazi ya kioo imeanza. Shati limemganda mgongoni. Mama Martini anamkaribisha kwa ishara, anampa maji ya mtungini na kumwonyesha mkeka. Noel anaketi. Upepo wa ziwa unapita kwenye matundu, unavuka sebule, unatokea barazani. Kijana anakunywa maji yake taratibu, anatazama ghuba yote hadi inapoishia.

Hatimaye anamuuliza Elinipa, kwa staha, kama ukuta umeshaguswa. Anajibiwa bado. Basi uachwe, anasema. Yeye atawaeleza wakubwa zake. Nyumba wataichukua hivihivi ilivyo, hata wiki hii.

Sauti inayomjibu ni ya Mzee Gervasi, ambaye macho bado ameyafumba.

"Kijana wangu, wewe ni mgeni mwema," anasema. "Lakini vita vikiisha, na Mungu avimalize, wale ndugu waliovuka ziwa watarudi kwao na wewe utarudi kwenu. Mimi nitabaki hapa na jua hili. Nyumba hii naingia mwenyewe."

Mama Martini hangoji kuambiwa mara mbili. Anawaita mafundi kutoka sebuleni na kuwapa kazi nyingine: waende na mkokoteni Ujiji, wakaanze na kitanda, kabla mzee hajabadili mawazo. Noel anacheka kwa masikitiko, kisha anamchukua Elinipa pembeni. Shirika lina kiwanja Gungu, anasema. Je, angeweza kwenda kukaa na kigoda chake huko?

Angeweza. Lakini anamwambia kwanza ana wateja wawili wenyeji wa hapahapa, mwalimu wa Ilagala na mama mmoja wa Mwamgongo anayetaka nyumba ya kuzeekea, na hao hawahami.

"Najivunia," anasema baadaye, akiteremka kilima huku viatu vimejaa vumbi, na machozi anayafuta wazi bila kuona haya. "Kila mtu miaka hii anajenga kwa ajili ya wanaopita. Nataka kuwachorea wanaobaki. Nataka siku moja mtu ashuke stesheni, aangalie kilima, aseme: hizi ni nyumba za Kigoma, haziwezi kuwa za mahali pengine."

Kesho treni inaondoka, na yupo jamaa wa Same anayesafiri nayo. Elinipa atampa salamu ampelekee mama yake. Amwambie asimsubiri tena. Afunge mizigo aje yeye, na aje mwezi wa tisa, jua likiwa kali.