Mashua Iliyotunzwa Pakavu

Harufu ya rangi ya mafuta bado hunirudisha kwenye kibanda cha mabati kando ya mto Malaba, mahali ilipokaa mashua ya uokoaji ya kijiji chetu. Ilikuwa ya mbao, nyekundu, imeletwa kwa lori kutoka ziwani baada ya mafuriko kutuzidi nguvu. Waliojitolea kuihudumia walikuwa wakulima wa kanisani na wachuuzi wa msikitini, wakiongozwa na Mzee Hamisi, mwenye duka la vipuri karibu na foleni ya malori ya mpakani. Hakuna hata mmoja wao aliyekulia ufukweni. Kiangazi chote waliiweka juu ya magogo, wakaifuta vumbi, wakaipaka rangi upya, na ubavuni wakaandika: Usione vyaelea, vimeundwa. Nami, mtoto wa maswali, niliuliza kwa nini mashua haikai majini.

"Wewe baiskeli ya babako huilaza mtoni?" Mzee Hamisi akaniuliza, na wote wakacheka. Shangazi Amoit, aliyelima mboga bondeni na kuwapikia uji wapaka rangi, alicheka kuliko wote. "Mwache, Mzee. Huyu atakuwa wakili."

Masika yalipoanza, mto ulifurika asubuhi moja ukamkuta shangazi shambani, ng'ambo ya pili. Akapanda juu ya kichuguu. Tulimwona vizuri, kitambaa chake cha manjano kichwani, jembe bado mkononi. Wanaume waliibeba mashua mbio wakaitia majini, na kabla hawajafika katikati maji yalikuwa yakiingia kila upande. Mvuvi yeyote wa ziwani angetuambia kwamba mbao za mashua hutaka maji ili zivimbe na kushikana. Zetu zilikuwa zimekauka na kunywea, na rangi ilikuwa imeficha nyufa tu. Walichota kwa makarai, wakarudi, wakaziba kwa matambara, wakaingia tena. Safari hiyo shangazi mwenyewe ndiye aliyepaza sauti: "Mzee, rudini. Mna watoto." Walikuwa wakigeuza pale kichuguu kilipomeguka.

Kwa miaka mingi nilitafuta wa kulaumu. Kitunze kidumu, husema wahenga, lakini hawasemi kitunzwe vipi, na chuoni nilijifunza kuwabeza kwa hilo. Siku hizi kijiji kina boti ya plastiki yenye injini, na vijana wa kujitolea waliofunzwa kuogelea. Ni wepesi kuliko wazee wale, na sidhani shangazi angekufa mikononi mwao. Januari iliyopita, jua likiwa kali, nilimkuta Mzee Hamisi pale kibandani, mgongo umepinda, akiimwagia boti ile maji ya mto, ndoo baada ya ndoo.

"Isikauke," aliniambia.

Vijana walikuwa wamemweleza mara nyingi kwamba plastiki hainywei. Nami nilijua hivyo. Niliiona ndoo nyingine ukutani, nikaichukua, nikashuka mtoni.