Siku Vifaranga Walipomtaja Baba Yao

Ko-ko-ko-ko! Jogoo akiita hivyo kwa sauti ya chini, ujue amepata mdudu na anamkaribisha mtetea aje ale. Uani kwetu kijijini Kingi, mashariki mwa Kongo, mwaka niliofikisha miaka kumi, tulikuwa na majogoo wawili. Shefu alikuwa mkubwa, mwekundu, na Papa alimpenda kupita kiasi. Mwenzake, Kashingo, alikuwa mdogo, na shingo yake haikuwa na unyoya hata mmoja. Watu walimcheka mpaka machozi. Lakini mimi, niliyewachunga kutwa wakati wa likizo, niliwajua. Shefu alikuwa mwongo! Aliita ko-ko-ko kumbe mdomoni hana kitu. Mtetea akija, anamrukia bila hata salamu. Kashingo aliweka funza chini, akarudi nyuma, akashusha bawa moja na kumzunguka mtetea akicheza, mpaka mwenyewe akainama apandwe. Wakati Shefu anawika juu ya rundo la kuni, mwenzake yuko kazini! Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jumatatu moja Papa akatangaza kwamba wakwe wa dada yangu watakuja Jumapili, na Kashingo ataingia sufuriani. "Mu sufuria nani ataangalia shingo yake?" akasema. "Shefu njo baba ya bale batoto ba mu mayai." Nikambishia mbele ya wote, jambo ambalo mtoto wa kwetu hathubutu: "Hapana, Papa! Njo Kashingo!" Nyuma ya jiko mtetea wetu mweupe alikuwa akiatamia mayai tisa, yakikaribia kuanguliwa. Papa akacheka. "Sawa. Yakipasuka mbele ya Jumapili, tutaona." Kuku mwingine mwenye shingo tupu hakuwepo, si kwetu wala kwa majirani, kwa hiyo shingo za vifaranga zingemtaja baba.

Juma zima nilichuchumaa pale, mtetea akinidonoa mikono. Hakuna kitu! Jumamosi mchana Papa alikwisha kumfunga Kashingo miguu ndipo yai la kwanza lilipopasuka. Kifaranga akatoka amelowa, shingo yake ya waridi, haina hata unyoya! Wa pili, vilevile! Nililia kwa furaha, nikapiga kelele majirani wakadhani nyumba inaungua. "Papa, kuya uone!" Kati ya tisa, sita walikuwa shingo tupu. Papa akawahesabu mara mbili, akapiga makofi. "Kumbe huyu maskini njo muntu wa kazi! Mumufungue!" Wakwe walimla Shefu, wakaisifu nyama, na mimi nilitafuna paja lake bila huruma hata kidogo.

Leo nafuga kuku wa mayai Goma, bila jogoo hata mmoja. Mayai ni mengi kuliko Mama alivyowahi kuokota, na yanatulisha, nashukuru. Lakini nina binti wa miaka kumi mwenye ulimi kama wangu. Akinibishia, namnyamazisha papo hapo, halafu najuta usiku. Papa alinipa juma zima.